ALIYEPITA KATI YA VIPANDE

Masomo: Mwanzo 15:7–18, Yeremia 34:8–22, Luka 22:14–20



Leo nataka tutafakari pamoja neno moja ambalo twalisikia kila tunapoikaribia Meza ya Bwana, nalo ni neno agano. Usiku ule aliotolewa, Bwana wetu alikitwaa kikombe akakiita agano jipya katika damu yake. Kwa nini damu? Je, haikutosha kupeana mkono, au kuandika maneno na kutia sahihi?

Kuna swali jingine ambalo sisi wachungaji huulizwa faraghani, mara nyingi kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa: "Mchungaji, zamani mimi nilikula kiapo. Je, laana ile yanifuata mpaka leo?" Maswali haya mawili yana uhusiano mkubwa. Tukilielewa lile la kwanza, tutakuwa na neno la kumwambia huyu ndugu wa pili.

KUKATA NA KULA

Katika Kiswahili twasema mtu amekata shauri. Twasema pia kwamba amekula kiapo, au amekula yamini. Wakikuyu nao husema kũrĩa mũma, yaani kula kiapo. Lugha zetu zinakumbuka jambo ambalo sisi wenyewe tumeanza kulisahau: kwamba hapo kale watu walipofungana kwa ahadi, kitu fulani kilikatwa, na kitu fulani kililiwa.

Waebrania walisema hivyo hivyo. Biblia zetu za Kiswahili husema Bwana "alifanya" agano na Abramu, lakini neno la Kiebrania lililoandikwa pale ni "kukata". Mungu alikata agano. Maana halisi ya neno hilo ilikuwa mbele ya macho ya watu: kisu, mnyama, na damu juu ya ardhi.

Desturi hii haikuwa ya Waebrania peke yao. Mwaka wa 1933 wachimbuzi kutoka Ufaransa walianza kuchimba magofu ya mji wa kale wa Mari, kando ya mto Frati nchini Siria. Walikuta maelfu ya vibao vya udongo vyenye maandishi, na miongoni mwake barua za karne ya 18 kabla ya Kristo. Katika barua moja, mtumishi wa mfalme Zimri-Lim anamweleza bwana wake jinsi alivyotumwa kupatanisha watu wa pande mbili. Watu wale walileta mwana-mbwa na mbuzi ili wachinjwe, naye akakataa. Akaagiza achinjwe mwana-punda, ndipo amani ikafanyika. Katika lugha ya watu wale, kusema "kuua mwana-punda" kulikuwa ni sawa na kusema kufanya agano.

Sasa twauliza, mnyama yule aliuawa kwa sababu gani? Jibu lake tunalipata wazi katika habari ya mfalme mmoja ambaye mji wake umetajwa katika Biblia.

MFALME WA ARPADI

Kaskazini mwa Siria palikuwa na mji uitwao Arpadi. Katikati ya karne ya 8 kabla ya Kristo mfalme wake aliitwa Mati-ilu. Alikuwa mfalme mdogo kati ya wakubwa, na ilimbidi kuapa mbele ya wenye nguvu. Aliapa mbele ya Ashur-nirari wa Tano, mfalme wa Ashuru, aliyetawala tangu mwaka wa 755 hadi 745 K.K., na maandishi ya kiapo chake yamehifadhiwa mpaka leo.

Waliletewa mwana-kondoo. Maandishi yanaeleza wazi kwamba mnyama huyo hakutolewa zizini kwa ajili ya dhabihu, wala kwa karamu, wala kwa ajili ya mgonjwa. Ameletwa ili Mati-ilu aape. Kisha yanafuata maneno ya kutisha: kwamba kichwa hiki si kichwa cha mwana-kondoo tena, ni kichwa cha Mati-ilu, na cha wanawe, na cha wakuu wake, na cha watu wa nchi yake. Akivunja ahadi, basi yaliyompata mnyama huyu yampate yeye. Na katika mawe yaliyopatikana Sefire, karibu na mji wa Aleppo, kuna agano jingine la mfalme huyo huyo, na humo imeandikwa kwamba kama ndama anavyokatwa, ndivyo Mati-ilu atakavyokatwa pamoja na wakuu wake.

Mmeona, wapendwa? Damu ile haikuwa pambo la sherehe. Ilikuwa ni sahihi ya mtu akijilaani mwenyewe. Na angalieni ni nani aliyejilaani. Hakuwa mfalme mkuu wa Ashuru. Alikuwa yule mdogo, aliyeshindwa, asiye na la kufanya. Mwenye nguvu alisimama na kutazama, na mnyonge ndiye aliyebeba laana.

Mati-ilu hakulishika neno lake. Alijiunga na adui za Ashuru, na mfalme mpya, Tiglath-pileseri wa Tatu, akauzingira Arpadi kwa miaka mitatu, hata ukaanguka mwaka wa 740 K.K. Miaka kama arobaini baadaye, majeshi ya Ashuru yalipofika chini ya ukuta wa Yerusalemu, msemaji wao aliwauliza watu wa Hezekia, kwa dhihaka, iko wapi miungu ya Arpadi. Someni 2 Wafalme 18:34. Jina la mji ule lilikuwa limekuwa mfano wa kutishia watu.

WALIOVUNJA AGANO YERUSALEMU

Yerusalemu nao ulikula kiapo cha namna hiyo. Katika Yeremia sura ya 34, mji umezingirwa na majeshi ya Nebukadreza, mfalme wa Babeli. Katika hofu yao, mfalme Sedekia na wakuu wakakata agano kwamba watawaacha huru watumwa wao wa Kiebrania, kama torati ilivyoagiza. Walimkata ndama vipande viwili, wakapita katikati ya vipande vyake. Kisha Wababeli wakaondoka kwa muda, hatari ikaonekana kupita, na mabwana wale wakawarudisha watumwa wao utumwani.

Ndipo Bwana akasema kwa kinywa cha Yeremia kwamba atawafanya watu wale kuwa kama ndama yule waliyemkata na kupita kati ya vipande vyake. Mji ukaanguka mnamo mwaka wa 587 au 586 K.K.

Sehemu hii ya Maandiko ni ufunguo mkubwa. Inatueleza maana ya kupita kati ya vipande: apitaye asema, "Nikivunja neno langu, na mimi nikatwe hivi." Shikeni ufunguo huu mkononi, kisha turudi nyuma mpaka kwa Abramu.

USIKU WA ABRAMU

Abramu alikuwa mzee, hana mtoto, na Mungu amemwahidi uzao na nchi. Naye akauliza swali la haki: nitajuaje? Mungu hakumkemea. Akamwambia alete ndama, mbuzi na kondoo, kila mmoja wa miaka mitatu, pamoja na hua na mwana wa njiwa. Abramu hakuhitaji maelezo zaidi. Alikuwa mtu wa nchi zile za mto Frati, na desturi aliijua. Akawapasua wale wanyama, akaweka kila kipande kuelekea mwenzake, akakaa akifukuza ndege walioshuka juu ya mizoga.

Sasa fikirini, ndugu zangu. Kati ya hawa wawili, Mungu na Abramu, ni nani aliyepaswa kupita kati ya vipande? Kila mtu wa zamani zile angejibu mara moja: mdogo ndiye apitaye. Abramu na apite, ajilaani, aseme kwamba akivunja neno akatwe.

Lakini jua lilipokuwa likichwa, usingizi mzito ulimshika Abramu. Akalala chini, hakuweza hata kuinua mguu. Na katika giza lile akaona tanuru ya moshi na mwenge wa moto vikipita kati ya vile vipande. Moto na moshi katika Agano la Kale ni dalili ya kuwapo kwake Mungu, kama ilivyokuwa baadaye katika mlima Sinai. Mungu mwenyewe alipita. Naye alipita peke yake.

Katika maagano ya wafalme, mwenye nguvu alimtwika mnyonge laana. Hapa Mwenyezi ameichukua mwenyewe. Ni kama amesema, "Abramu, agano hili likivunjika, gharama yake ni juu yangu." Abramu hakuweka chochote kama rehani, maana alikuwa amelala.

Na je, agano hilo lilivunjika? Mungu hakulivunja. Lakini uzao wa Abramu walilivunja mara nyingi. Pale Sinai, katika Kutoka 24, Musa alinyunyiza damu nusu juu ya madhabahu na nusu juu ya watu, nao wakasema kwa sauti moja kwamba watatii yote. Muda mfupi baadaye walikuwa wakicheza mbele ya ndama wa dhahabu. Sisi nasi si bora kuliko wao. Basi ile laana ilipaswa kumwangukia nani?

Mtume Paulo anajibu katika Wagalatia 3:13, kwamba Kristo alifanywa laana kwa ajili yetu, ili atukomboe. Yule aliyepita kati ya vipande usiku ule wa Abramu, ndiye aliyekuja katika Mwana wake, akavunjwa juu ya msalaba nje ya lango la Yerusalemu. Sisi tulivunja ahadi, naye akakatwa mahali petu. Ndiyo sababu alikitwaa kikombe akataja agano na damu kwa pamoja. Mitume waliokuwa mezani walikuwa Wayahudi, tena walikatazwa tangu utoto wasionje damu yoyote, kwa kuwa uhai u katika damu, kama isemavyo Mambo ya Walawi 17. Bila shaka maneno yale yaliwashtua. Lakini waliyajua pia Maandiko, nao walikuja kuelewa kwamba sasa deni linalipwa.

UNDUGU WA KUCHANJIANA

Baadhi yenu mnasema moyoni, "Mchungaji, mambo haya hayako mbali na yetu." Ni kweli. Baba zetu walijua sana nguvu ya damu. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki watu wasio wa ukoo mmoja waliweza kufanywa ndugu kwa kuchanjiana. Katika Buganda ndugu hao walikula punje za kahawa zilizotiwa damu ya kila mmoja. Mwezi wa Aprili 1876, msafiri Stanley alipokutana na Mirambo, mtawala maarufu wa Unyamwezi, walichanjwa miguu ya kuume, damu zao zikabadilishwa, na nyapara wa msafara, Manwa Sera, akatamka laana juu ya yeyote kati yao atakayeuvunja undugu huo.

Mwaka wa 1885 Mmarekani mmoja, H. Clay Trumbull, alichapisha kitabu kizima juu ya agano la damu, akitumia sana habari za Livingstone na Stanley kutoka huku kwetu. Wahubiri wengi wa nchi za mbali wamefundisha kutoka kitabu hicho tangu wakati huo, huenda bila kujua kwamba walikuwa wakijifunza kwa Mirambo!

Lakini tuwe waangalifu. Tusivichanganye vitu hivi viwili kana kwamba ni kimoja. Katika Maandiko hatuoni mahali ambapo Mungu aliagiza watu wachanjane au wanywe damu ya wenzao. Katika kuchanjiana, wawili wanatoa damu sawasawa, na kila mmoja anajilaani. Katika agano letu mmoja ndiye aliyetoa damu, na mmoja ndiye aliyebeba laana. Wewe na mimi tulipokea tu. Mila za baba zetu zinatusaidia kuelewa kwamba undugu wa kweli una gharama, nazo zilileta amani mahali pengi, lakini haziwezi kutufikisha msalabani.

KIKOMBE KIMOJA

Hapa nchini Kenya jambo hili halikubaki darasani. Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Wakati huo maelfu ya watu katika Mkoa wa Kati na Bonde la Ufa walikuwa wamekula kiapo, wengine kwa hiari na wengine kwa kulazimishwa, kwa nyama na damu ya mbuzi. Tuseme kweli: uchungu wao ulikuwa wa haki. Mashamba yao yalikuwa yamechukuliwa, na wengi walioapa walitaka ardhi na uhuru, si mauaji. Mtu asiwahukumu kwa wepesi.

Hata hivyo walikuwako Wakristo, hasa ndugu wa Uamsho, waliokataa. Sababu yao haikuwa kuwapenda wakoloni, kwa maana wengi wao walikataa pia kushika bunduki upande wa serikali, na kwa hiyo walichukiwa na pande zote mbili. Neno lao lilikuwa fupi: tumekwisha kunywa damu ya Kristo, hatuwezi kunywa nyingine. Baadhi yao waliuawa kwa neno hilo. Watu hawa wengi hawakuwahi kukanyaga chuo cha theolojia, lakini walilielewa agano kuliko wengi wetu tuliosoma Kiebrania.

Baada ya uhuru jambo hili lilirudi. Mwaka wa 1969, baada ya Tom Mboya kuuawa tarehe 5 Julai, watu wa kabila moja walikusanywa kuapishwa kwamba uongozi usitoke mikononi mwao. Makanisa yalipiga kelele hadharani. Wakristo waliokataa walipigwa, na hata damu ikamwagika. Kiapo hiki hakikuwa tena cha kudai shamba lililonyang'anywa. Kilimfunga mtu dhidi ya jirani yake mwananchi.

Hapa ndipo Paulo anapotuonya, katika 1 Wakorintho 10, kwamba mtu hawezi kunywea kikombe cha Bwana na kikombe cha mashetani. Yule anayepiga magoti kando yangu mbele ya Meza, awe Mluo, Mkamba, Mkikuyu, Mkalenjin au Mtaita, amekunywa damu ile ile niliyokunywa mimi. Kwa hesabu ya baba zetu, huyo ni ndugu yangu wa damu, na kumdhuru ni kuukataa undugu wa Kristo mwenyewe. Basi itakuwaje Jumapili tunywe pamoja, na wakati wa uchaguzi au wa ugomvi wa mashamba tukutane usiku kuapiana juu yake? Mabwana wa Yerusalemu walifanya hivyo. Walikata agano hatari ilipokuwa mlangoni, wakalisahau ilipoondoka.

KWA NDUGU ALIYEULIZA

Narudi sasa kwako wewe uliyeuliza kwa sauti ya chini. Labda uliapishwa ukiwa kijana, usiku, ukiwa na hofu. Labda mtoto wako akiugua, au mvua ikikosekana, unasema moyoni, "Ni kile kiapo." Huenda mtu amekwambia utafute damu nyingine ya kuosha ile ya kwanza.

Sikia, ndugu yangu. Kama kiapo kile kilikufunga umdhuru mtu, au umchukie, au ufiche uovu, hakikufungi mbele za Mungu. Mkumbuke Herode katika Marko 6. Aliona haya kukivunja kiapo chake, akakitimiza, na kichwa cha Yohana kikaletwa katika sahani. Ingalikuwa heri kama angalikivunja, akatubu. Sisemi kwamba ahadi zote ni bure. Ahadi ya ndoa, deni, ushahidi wa kweli mahakamani, hizo zishike. Kanuni ya mwisho katika zile 39 za Kanisa letu la Anglikana inakubali Mkristo aape mbele ya hakimu, panapo haki na kweli. Lakini kiapo cha uovu hutubiwa, hakitimizwi.

Na kuhusu laana, usitafute mbuzi. Damu ya mbuzi haiwezi kuongeza neno juu ya ile iliyomwagika Kalvari. Laana yako ina mahali ilipoangukia, nako ni msalabani. Nenda kwa mchungaji wako au kwa mzee wa kanisa unayemwamini, uungame, uombewe. Kama kuna mtu uliyemdhulumu kwa sababu ya kiapo kile, nenda kwake pia, mrudishie kilicho chake kama waweza. Kisha njoo Mezani. Abramu alikuwa amelala wakati agano lake lilipokatwa, na wewe nawe hukuwa hata umezaliwa wakati lako lilipotiwa muhuri. Kinachotakiwa kwako ni kuliamini, na kuishi kama ndugu wa wote walio ndani yake.

Tuombe.

Ee Mungu wa Abrahamu, wewe uliyepita peke yako kati ya vipande, na katika Mwanao ukaibeba laana iliyokuwa yetu, twakushukuru. Wafungue leo wote waliofungwa na viapo vya giza na hofu zake. Utulinde tusinywe kikombe kingine. Utufundishe kumtazama jirani wa kila kabila kama ndugu wa damu moja, damu ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.